Baiskeli kila asubuhi na kilo haziondoki: jinsi ya kulinganisha chakula na pedali

Mteja huja kwenye kibanda changu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, akisukuma baiskeli iliyolala stoo miaka mingi. Ananiambia, "Fundi, nitengenezee hii, nataka kupunguza mwili." Natengeneza. Miezi minne baadaye anarudi kubadilisha cheni. Cheni imekwisha kweli, meno yamechongoka, mtu ameendesha. Lakini mkanda wake wa suruali bado umefungwa kwenye tundu lile lile.

Nimeliona hilo mara nyingi, na siwezi kusema ni uvivu. Watu hawa wanaamka alfajiri na kutoka jasho, halafu mizani inawavunja moyo. Kinachowaangusha ni kwamba hawajui kiasi wanachokula, na wanadhani baiskeli imechoma kuliko ilivyochoma. Saa nzima ya jasho inafutwa na chapati moja na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, na mwenyewe asijue.

Kwa hiyo tutaanzia jikoni, kisha twende barabarani. Tafadhali usiruke hatua ya kwanza hata kama inachosha. Karibu kila aliyekwama aliiruka.

## Unachohitaji

- Mizani ya kupimia mwili. Iweke juu ya sakafu ngumu, mahali pamoja siku zote. Kama huna, tumia ya zahanati au ya duka la dawa, mradi iwe ile ile kila mara.
- Futi ya fundi cherehani, kwa ajili ya kiuno.
- Kijiko cha chakula, kijiko cha chai, na kikombe kimoja kitakachokuwa kipimo chako. Ukipata mizani ndogo ya jikoni, kazi itakuwa nyepesi zaidi.
- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari lililo wazi juu ya meza ya jikoni halisahauliki.
- Baiskeli yoyote nzima. Ile nzito ya gia moja yenye keria nyuma inatosha kabisa, usisubiri kununua ya mashindano.
- Pampu, kofia ngumu, taa za mbele na nyuma, chupa ya maji na saa.

Mwone daktari kwanza ikiwa una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, unatumia dawa za presha, una ugonjwa wa moyo, unaumwa kifua ukipanda kilima, una mimba au unanyonyesha. Mwenye kisukari anayepunguza chakula na kuongeza mazoezi kwa wakati mmoja anaweza kuishiwa sukari akiwa barabarani, na dozi yake huenda ikahitaji kubadilishwa na aliyemwandikia. Na kama kilo zinapungua zenyewe bila wewe kufanya lolote, hospitali ndiyo hatua yako ya kwanza.

## Hatua ya 1: Andika kila unachokula kwa siku 7, bila kubadilisha kitu

Kula kama kawaida yako. Tofauti ni moja tu: kila kinachoingia mdomoni kinaandikwa papo hapo, kwa kipimo. Chai na sukari yake, karanga ulizopewa kibaruani, kipande cha muwa, ugali aliouacha mtoto ukaumalizia, soda ya msibani.

Ukianza na kupunguza kabla ya kujua unachokula, utapunguza mahali pasipo na tatizo. Nimeona watu wakiacha matoke (ndizi za kupika) huku wakiendelea na mafuta yale yale.

Nilipofanya zoezi hili nyumbani kwangu, mke wangu alikuwa anapika maharage. Nilimwomba amimine mafuta kwenye kikombe badala ya sufuria, kwa macho tu kama alivyozoea. Kisha tukayachota kwa kijiko cha chakula, mimi nikihesabu. Tulifika vijiko vinane. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, kwa hiyo sufuria ile ilikuwa inapokea karibu kalori 960 kabla maharage hayajaingia. Mezani tulikuwa wanne: kalori 240 kwa kila mtu, mafuta matupu, kwa mlo mmoja. Mke wangu alikaa kimya kidogo, akaitazama ile sufuria, kisha akasema, "Na jioni nakaanga mboga."

Hakuna aliyekuwa mlafi katika nyumba ile. Mafuta yalikuwa hayaonekani, basi.

Tahadhari: usiwe mwema kwa sababu unaandika. Wiki hii haina mashindano. Ukijibana, namba zitakudanganya miezi yote inayofuata.

Umefaulu ukiwa na kurasa saba zilizojaa, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na ukiona mambo mawili au matatu ambayo hukuyategemea.

## Hatua ya 2: Tafuta namba yako ya siku

Mwili hutumia nishati hata ukiwa umelala: moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi. Hesabu inayotumika sana kukadiria nishati hiyo ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Inataka uzito kwa kilo, urefu kwa sentimita, na umri kwa miaka:

- Mwanamume: (10 × uzito) + (6.25 × urefu) − (5 × umri) + 5
- Mwanamke: (10 × uzito) + (6.25 × urefu) − (5 × umri) − 161

Jibu lizidishe kwa 1.2 kama kazi yako ni ya kukaa kutwa, au kwa 1.375 kama unasimama na kutembea sehemu kubwa ya siku. Usiingize baiskeli hapa, tutaihesabu peke yake.

Tuchukue mama anayeuza vitenge sokoni, umri 38, urefu sentimita 162, uzito kilo 84. Tunapata 840 + 1,012.5 − 190 − 161, yaani kama 1,500. Kwa kuwa anasimama kutwa, tunazidisha kwa 1.375, inafika kama 2,065. Hicho ndicho kiasi kinachomweka pale alipo bila baiskeli.

Sasa ondoa kati ya 300 na 500. Yeye aondoe 400, abaki na 1,650 hivi kwa siku. Hiyo ndiyo namba yake ya chakula, siku ya baiskeli na siku isiyo ya baiskeli.

Mbona nisimwambie aondoe 1,000 amalize haraka? Kwa sababu mtu aliyejinyima hivyo hapigi pedali. Siku ya tatu miguu inakuwa mizito, ya tano anakula kila kilicho mbele yake, ya saba baiskeli inarudi stoo. Nimezirudisha barabarani baiskeli za namna hiyo nyingi.

Tahadhari: mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku, na mwanamume chini ya 1,500, bila kusimamiwa na mtaalamu wa afya.

Umefaulu ukiwa na namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari.

## Hatua ya 3: Panga sahani ifikie namba hiyo

Hapa ndipo kilo zinapoondokea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Hivi ni vyakula vyetu vya kila siku kwa makadirio ya karibu:

- Unga mkavu wa posho (ugali wa mahindi), gramu 100: kalori 360. Pima unga kabla ya kusonga, kwa sababu posho iliyoiva uzito wake unategemea maji uliyoweka.
- Matoke ya kuchemsha bila mafuta, gramu 100: karibu 120.
- Wali uliochemshwa, gramu 100: 130.
- Viazi vitamu vya kuchemsha, gramu 100: karibu 80.
- Maharage yaliyoiva bila mafuta, kikombe cha kawaida: karibu 225, na protini gramu 15.
- Yai moja: karibu 70, na protini gramu 6.
- Ngege (sato), gramu 100 za mnofu kabla ya kukaangwa: karibu 100, na protini gramu 20.
- Karanga, gramu 30 ambazo ni ukufi mmoja mdogo: 170.
- Chapati ya gramu 100: karibu 300.
- Soda ya chupa ya mililita 300: karibu 125.
- Ndizi mbivu ya wastani: 100 hivi.

Itazame rolex ya barabarani, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa jicho hilo. Chapati 300, mayai mawili 140, kijiko cha mafuta cha kukaangia 120: unafika 560, na wapishi wengine huweka chapati mbili. Kikomando cha chapati mbili na kikombe cha maharage kinapita 800, na maharage yenyewe si kosa hata kidogo, ni chapati. Huyo mama wa vitenge akila kikomando asubuhi amemaliza nusu ya siku yake.

### Anza na mafuta

Weka kijiko ndani ya kopo la mafuta na kisitoke humo. Vijiko vitatu vinatosha sufuria ya mboga ya watu wanne. Kitunguu kikikauka, ongeza maji kidogo badala ya mafuta, kifunike kilainike. Katika nyumba ile ya vijiko vinane, badiliko hili linampunguzia kila mtu kalori 150 kwa mlo, na ladha haipotei kwa sababu nyanya na vitunguu vimebaki.

Mchuzi wa karanga ni mafuta pia, ingawa hautoki kwenye kopo. Usiuache, ni chakula kizuri, ila upimiwe kijiko na usimwagwe juu ya kilima cha posho.

### Kisha chai

Kikombe cha nusu lita kilichochanganywa maziwa na maji nusu kwa nusu, na vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyojaa, kina kama kalori 250. Wengi wanakunywa viwili kwa siku, na hakuna anayehesabu chai kuwa chakula. Punguza kijiko kimoja kila wiki. Ukiiondoa sukari yote siku moja utarudi kwayo kwa hasira. Ukishuka polepole ulimi unazoea, na tangawizi au mchaichai vinasaidia.

### Kisha ukubwa wa posho, na protini

Posho si adui. Mtu aliyezoea posho hawezi kuishi kwa kabichi miezi sita. Pima unga gramu 100 kwa mlo wako, usonge, uone linalotoka ni donge kiasi gani. Ukishalijua kwa macho, huhitaji kupima tena kila siku.

Nusu ya sahani ijaze mboga: dodo (mchicha), sukuma, nakati, kabichi, biringanya. Zinajaza tumbo kwa kalori chache. Robo moja iwe posho, matoke au viazi. Robo nyingine iwe maharage, samaki, mayai, nyama isiyo na mafuta au mukene (dagaa).

Protini usiibane. Mwili unaopungua huweza kula misuli yake pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayosukuma pedali. Lenga kati ya gramu 1.2 na 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaotaka kufikia. Mama wetu anayelenga kilo 70 atahitaji kama gramu 100: mayai mawili (12), vikombe viwili vya maharage (30), ngege gramu 200 (40), kikombe cha maziwa (8), na kinachobaki kinatoka kwenye posho na vyakula vingine vya siku. Kwa watu wa huku ziwani si jambo la anasa.

### Kwenye shughuli

Kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe), harusi, arobaini: sahani unapakuliwa na mtu mwingine, na kumrudishia mwenyeji chakula chake ni vibaya. Ninachofanya ni kuwahi kusema wakati wa kupakua, "Mama, niwekee nyama na mboga, matoke kidogo tu, nitarudi." Hakuna anayekasirika ukiomba nyama. Kunywa maji badala ya soda. Na siku hiyo usijinyime chakula cha asubuhi ukidhani unaweka akiba. Utafika na njaa itakayokushinda.

Umefaulu ukimaliza siku 5 kati ya 7 ndani ya kalori 100 juu au chini ya namba yako, na ukienda kulala bila njaa ya kukuamsha.

## Hatua ya 4: Tayarisha baiskeli ikutoshe

Hii ni fupi, lakini maumivu ya goti yamewatoa watu wengi barabarani wiki ya pili.

Kaa kwenye kiti ukiegemea ukuta. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke sawasawa. Ukihamia kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo kiti kiko sahihi. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, au makalio yakiyumba huku na huku, kiti kiko juu.

Jaza upepo kufuata namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Bana breki zote mbili huku ukisukuma baiskeli: igome. Tia cheni mafuta, kisha uifute kwa kitambaa, maana mafuta mengi hukusanya mchanga wa murram.

Akina mama: vaa suruali au taiti chini ya gauni, na ufunge pindo. Kanga ikiingia kwenye cheni inakuangusha papo hapo.

## Hatua ya 5: Endesha kwa ratiba

Wiki ya kwanza endesha dakika 25, siku tatu, ukiacha siku moja katikati. Kila wiki ongeza dakika 5. Wiki ya tano utakuwa kwenye dakika 45. Hapo ongeza siku ya nne. Dakika 45 mara nne ni dakika 180, na hiyo imo ndani ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Kasi ipime kwa mdomo. Uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumjibu anayekusalimia, punguza. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likifika mara 18 hadi 20 uko vizuri. Mwenye gia moja hana la kuchagua kwenye mwinuko, kwa hiyo ashuke na kusukuma. Kusukuma nako ni kazi, moyo haujasimama.

Chagua njia kabla ya siku. Sisi wa Jinja tuna bahati ya mitaa tambarare. Kule Soroti na Lira hata hili halihitaji kusemwa. Kampala tafuta mizunguko ya bondeni na uipande milima baada ya mwezi wa pili.

Tahadhari za barabarani. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo hakuna haja ya kutoka gizani. Endesha kushoto, pamoja na magari. Huku Busoga, ogopa trela za miwa kwenye barabara ya Kakira: miwa hutokeza pembeni, na trela ya nyuma huyumba baada ya kichwa kupita. Ukiisikia nyuma yako na mbele kuna gari linakuja, toka nje ya lami kabisa, simama, ipite. Sekunde kumi.

Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zikikuzuia, usifidie kwa kuendesha kwa muda wa saa tatu Jumapili. Ruka siku hiyo na uendelee na ratiba.

### Baiskeli inachoma kiasi gani

Mama wetu wa kilo 84, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, dakika 45 zitamchomea kama kalori 300 juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Mara nne kwa wiki, 1,200. Chakula chake kimepunguza 400 kwa siku, yaani 2,800 kwa wiki. Jumla ni 4,000. Kilo moja ya mafuta mwilini ina karibu kalori 7,700, kwa hiyo anashuka kama nusu kilo kwa wiki.

Itazame hesabu hiyo tena. Jikoni kumetoa 2,800, baiskeli 1,200. Anayetegemea baiskeli pekee anangoja zaidi ya wiki sita kwa kilo moja, na kwa rolex moja kila baada ya kuendesha hatafika popote.

Programu za simu mara nyingi huonyesha namba kubwa kuliko hizi, kwa sababu nyingi huhesabu pia nishati ambayo ungetumia ukiwa umekaa kitini. Ukiona simu inasema 500, usiile 500.

## Hatua ya 6: Kula kuzunguka safari, bila kujilipa

Mtu akirudi na jasho anahisi anastahili kitu. Huo ndio mtego mkubwa kuliko yote, na dawa yake ni moja: hamisha mlo, usiongeze mlo.

Kama unaendesha asubuhi, kunywa maji, na ukihisi njaa kula nusu ya ndizi. Chakula cha asubuhi ambacho kingeliwa saa moja kisubiri urudi saa mbili. Kiwe tayari kimepimwa kabla hujatoka: mayai mawili yamechemshwa, kiazi kitamu kiko sufuriani, chai iko chupani. Anayerudi na njaa kwenye meza tupu huishia kwa muuza chapati.

Safari ya chini ya saa moja haihitaji chakula njiani, maji tu. Kwa ile inayopita dakika 75, beba ndizi moja kwa kila saa, na maji nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto kali. Hiyo ndizi ihesabu ndani ya siku yako.

Dalili za kuishiwa: jasho la baridi, mikono kutetemeka, kichwa kuwa chepesi, macho kufifia. Shuka papo hapo, kaa kivulini, kunywa kitu chenye sukari. Hapo soda ni dawa, usijilaumu. Ukiumwa kifua au pumzi ikikata bila kurudi, usiendelee, tafuta msaada wa hospitali.

Mwezi wa Ramadhani, endesha dakika 30 za taratibu katika saa ya mwisho kabla ya magharibi, ili futari ikukute muda mfupi baadaye. Namba yako ya siku haibadiliki, inagawanywa kati ya futari na daku. Angalia sambusa na mandazi vya futari: vimekunywa mafuta.

Umefaulu ukipita wiki mbili ukiendesha bila kula kitu chochote ambacho hukukipanga kwa sababu tu umeendesha.

## Hatua ya 7: Pima, na usome mizani sawasawa

Jipime asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula au kunywa, nguo nyepesi. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Ukipata 84.2, 83.6 na 84.4, wiki yako ni 84.1. Linganisha wiki na wiki, siyo siku na siku. Kiuno kipime mara moja kwa wiki usawa wa kitovu, pumzi ikiwa imetoka.

Wiki mbili za kwanza za baiskeli mizani inaweza kukataa kabisa kushuka, au hata kupanda. Misuli iliyoanza kazi mpya huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Chumvi nyingi huvuta maji pia, na wanawake wengi hupanda kilo moja au mbili karibu na siku zao. Ni maji, siyo mafuta. Wateja wangu wengi waliacha wiki hizo hizo mbili, na hilo huniuma, kwa sababu kazi ilikuwa imeshaanza ndani.

Umefaulu ukiona wastani unashuka kati ya nusu kilo na robo tatu kwa wiki baada ya mwezi, au kiuno kinapungua sentimita hata kama mizani inasita.

## Ukikwama

Usibadilishe chochote kabla ya wiki tatu za wastani usiosogea. Zikipita, rudi kwanza kwenye daftari, siku saba za kuandika kama mwanzo. Mara nyingi utakuta kijiko kimetoka kwenye kopo la mafuta na mkono umerudi kukadiria.

Kama daftari ni safi, chagua kimoja tu: ondoa kalori 100 hadi 150 kwenye chakula, au ongeza safari moja ya dakika 45. Ukifanya vyote viwili hutajua kipi kilisaidia.

Kila unapopunguza kilo 5, piga upya hesabu ya hatua ya 2. Mwili mdogo unahitaji kidogo. Kwa mama wetu kilo 5 zinashusha mahitaji yake kama kalori 70 kwa siku.

Ukifika ulipotaka, usirudi kwenye sahani ya zamani siku hiyo hiyo. Ongeza kalori 100 kwa siku, kaa nazo wiki moja, jipime, ongeza tena, mpaka wastani usimame pale pale. Baiskeli iendelee kama ilivyo. Pima uzito mara moja kwa wiki, na siku utakapoona umepanda kilo 2 juu ya hapo, fungua daftari ukurasa mpya uandike siku saba.